Saa Zinazopotelea Nje ya Geti

Muwa ukishachomwa na kukatwa, unaanza kupoteza sukari papo hapo. Kila saa inayopita ukiwa umelala shambani, au juu ya trela lililonasa kwenye tope, au kwenye foleni ya mizani, sehemu ya sukari iliyomo inageuka kuwa kitu kisichoweza tena kuganda na kuwa chembe. Ndiyo maana wataalamu wa zao hili wanataka muwa ufike kwenye kinu ndani ya siku moja, na zikizidi sana, mbili. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina kiwanda cha Ruembe upande wa kusini, jimbo la Mikumi, na kiwanda kipya cha Mkulazi pale Mbigiri upande wa kaskazini. Kati ya viwanda hivyo viwili yapo mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na zipo kata za wakulima kama Mabwerebwere, ambako kiwanda maana yake ni mashine ya kukoboa na kusaga iliyo chini ya paa la mabati. Katika wilaya moja tu mtu anaweza kuchunguza swali zima: kwa nini kiwanda kimoja hustawi na kingine hufa, ilhali mashine zao zinafanana?

Majibu tuliyoyazoea tunayajua: mtaji hautoshi, umeme unakatika, riba ni kubwa, bidhaa za magendo zinavuruga bei. Yote ni kweli, na sitaki kuyabeza. Lakini hayatufikishi mbali. Viwanda viwili vinavyonunua umeme kwa bei moja na kuuza katika soko moja havipati matokeo sawa. Tofauti iko kwenye usimamizi, na ninavyoona mimi, kwa viwanda vinavyokula mazao ya shamba sehemu kubwa ya usimamizi huo inafanyika nje ya geti: shambani, barabarani, kwenye mizani, na kwenye siku ya malipo. Meneja anayejiona bosi wa mashine peke yake anasimamia sehemu ndogo ya kazi yake.

Historia ya mkoa wa Morogoro inalithibitisha hili kwa gharama kubwa. Chini ya Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa mwaka 1975 hadi 1995, mji wa Morogoro ulipata viwanda vya ngozi, viatu na turubai, na ulitarajiwa kuwa kitovu cha viwanda vya taifa. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa matarajio ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa mpya. Kwa wastani kiwanda hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulisimama. Kuta zake zilikuwa za alumini, na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake linajulikana. Hilo ni kosa la mchoraji, na fundi angeweza kulirekebisha. Kosa kubwa zaidi ni kwamba ngozi yenye ubora, vipuri, na mnunuzi wa Ulaya ambaye angekipenda kiatu chenyewe, vyote vilikuwa nje ya geti na havikuwa na mwenyewe. Walinunua mitambo ya kutengeneza viatu wakadhani wamenunua biashara ya viatu.

Mkonge unafundisha jambo lile lile kwa mwendo wa polepole. Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, ikapona miche 62, na kutokana nayo likakua zao lililoifanya Tanganyika kuongoza duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeporomoka hadi karibu na tani 20,000. Wengi wetu tulifundishwa sababu mbili: kamba za nailoni ziliua bei, na utaifishaji wa mwaka 1967 uliua mashamba. Kamba za nailoni ziliiumiza dunia nzima ya mkonge, Brazil ikiwemo, lakini Brazil ilitupita na ikabaki mbele. Kwa hiyo bei peke yake haielezi.

Tuangalie kazi yenyewe inavyokwenda. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Ukibeba tani 100 za majani kutoka shambani hadi kwenye korona, mashine inayochuna nyuzi, umebeba tani 96 za maji na makapi. Gharama ya kukata na kusafirisha ndiyo roho ya hesabu nzima, na jani likicheleweshwa linakauka na kuchunika vibaya. Halafu mkonge haukatwi kwa mara ya kwanza mpaka upite miaka miwili au mitatu, na baada ya takriban miaka 10 mmea hutoa mlingoti, ukachanua na kufa. Shamba lisilopandwa upya kila mwaka, kwa sehemu, limekwisha kufa ingawa korona bado inanguruma. Ndivyo ilivyotokea. Mashirika yalipobanwa na bei yaliacha kupanda, kwa sababu kutopanda hakuonekani kwenye hesabu za mwaka huo. Kunaonekana miaka 7 baadaye, wakati meneja aliyefanya uamuzi ameshahamishwa. Pale Kilosa matokeo yake ni mapori yaliyoacha kuitwa mashamba, na migogoro ya ardhi iliyofika hadi kufutwa kwa hati miliki.

Hapo ndipo penye kiini cha usimamizi wa viwanda vya namna hii. Mashine ikiharibika inapiga kelele, na watu wanakimbia. Shamba likichakaa linakaa kimya.

Kampuni ya Sukari Kilombero imepitia vipindi vyote vya historia yetu ya uchumi, kwa hiyo inafaa kutazamwa kwa kituo. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kinu cha Msolwa, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu. Serikali iliichukua baada ya Azimio la Arusha, na katika miaka ya 1970 kikajengwa kinu cha pili, Ruembe, upande wa Kilosa. Mwaka 1998 hisa nyingi ziliuzwa kwa Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake, serikali ikabaki na asilimia 25. Wakati huo uzalishaji ulikuwa takriban tani 30,000 kwa mwaka. Katika muongo uliofuata ulivuka tani 120,000.

Wapo wanaozisoma namba hizo na kuhitimisha kwamba ubinafsishaji ni dawa. Nadhani hitimisho hilo linarukia mbali. Viwanda vingi vilivyobinafsishwa miaka ile ile, vya korosho kule Mtwara na Lindi vikiwemo, viligeuka maghala au vikafungwa kabisa. Kilichobadilika Kilombero, pamoja na mtaji wa kukarabati vinu, ni mtiririko wa miwa. Wakulima wadogo waliozunguka kiwanda walipata sababu ya kupanda, idadi yao ikapita 8,000, na miwa yao ikawa zaidi ya theluthi moja ya miwa yote inayokamuliwa. Kinu kizuri bila muwa ni chuma tupu. Na mtiririko huo ulipokwaruzika, mambo yalikwaruzika. Vyama vya wakulima viliongezeka na kugombania zamu za kuvuna, kwa sababu miwa iliyopandwa ilizidi uwezo wa kiwanda. Mkulima aliyeona zamu yake haifiki na muwa unazidi kukomaa alikuwa na njia moja ya kulazimisha uvunwe, nayo ni moto. Moto wa namna hiyo unaharibu ratiba ya kila mtu, maana muwa uliochomwa bila mpango lazima upishwe, na ule uliokuwa kwenye mpango unangoja. Nikisikia watu wakiwalaumu wakulima kwa moto huo, huwa najiuliza ratiba yenyewe ilikuwa ikisomwa na nani. Ratiba isiyojulikana kwa anayengoja ni sawa na ratiba isiyokuwepo.

Upanuzi wa Kilombero ulioanza mwaka 2021 ulilenga kuufikisha uwezo kutoka takriban tani 127,000 hadi tani 271,000 za sukari kwa mwaka. Kiwanda cha Mkulazi pale Mbigiri, mali ya NSSF na Jeshi la Magereza, kilichozinduliwa rasmi Agosti 2024, kimejengwa kwa uwezo wa tani 50,000. Chuma kipo. Swali ni saa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kiwanda kinakamua tani 100 za miwa kwa saa, na kila tani 10 za miwa zinatoa tani 1 ya sukari. Saa moja ya kusimama inagharimu tani 10, yaani mifuko 200 ya kilo 50. Kikisimama dakika 90 tu kila siku kwa sababu matrela hayakufika, katika msimu wa siku 200 zimepotea saa 300, tani 3,000, mifuko 60,000. Hakuna kengele iliyolia wala fundi aliyeitwa. Mtu anaweza kusema muwa usiokamuliwa leo utakamuliwa kesho. Sawa, ila kesho hizo zina ukomo, na ukomo wake ni mvua. Msimu wa 2023/24 mvua za El Niño ziliingia zikageuza mashamba na barabara za miwa kuwa tope, uvunaji ukakwama, na mwanzoni mwa 2024 kilo moja ya sukari ikauzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi. Mvua ile haikuletwa na meneja yeyote. Lakini kila saa iliyopotea Julai na Agosti, wakati jua likiwaka na barabara zikipitika, ilikuwa saa iliyosogezwa hadi ndani ya mvua.

Kuna hasara nyingine inayofuatana na hiyo. Kiwanda cha sukari hupika kwa moto wa makapi ya miwa yake mwenyewe. Miwa ikikatika, makapi yanakatika, mvuke unashuka, sukari iliyo njiani kwenye vyungu inapoa. Kuanza upya kunakula kuni au umeme wa kununua, na ubora unayumba kwa saa kadhaa.

Ndani ya geti nako kuna kazi, na huko mbinu zinajulikana vizuri kuliko zinavyofuatwa. Maabara ya kiwanda cha sukari inaweza kufunga hesabu kila siku: sukari iliyoingia ndani ya muwa, iliyotoka kwenye mifuko, iliyobaki kwenye makapi, iliyokwenda na tope la chujio, iliyokwenda na molasi. Kinachobaki bila maelezo ndicho cha kufuatiliwa. Makapi yakitoka na utamu mwingi, rola zimelegea au zimekwisha. Molasi ikiwa na sukari ya kupindukia, upishi umeharakishwa. Hesabu hii ni silaha kubwa, lakini inafaa tu kama inamfikia msimamizi wa zamu asubuhi ile ile, akiwa bado anakumbuka kilichotokea usiku. Ikienda makao makuu na kurudi mwishoni mwa mwezi imekuwa kumbukumbu ya maktaba.

Matengenezo pia yana kalenda yake. Miezi ya masika, kinu kinapokuwa kimelala, ndiyo miezi ya kufungua kila beringi, kila pampu, kila bomba la mvuke. Kiwanda kinachobana bajeti ya miezi hiyo kinakopa kwa riba mbaya kuliko ya benki yoyote, maana kitalipa kwa kusimama katikati ya msimu. Na si hasara ya fedha peke yake inayozungumzwa hapa. Mei 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa wilayani Mvomero, ajali ya mvuke iliua watu 11. Simnyooshei kidole mtu kwa msiba ule. Ninautaja kwa sababu mvuke wenye shinikizo kubwa ndio kazi ya kila siku ya viwanda hivi, na usalama wa mfanyakazi wa usiku haufai kuwa sura ya mwisho ya ripoti, baada ya tani na mapato.

Je, kuna ushahidi kwamba usimamizi peke yake, bila mashine mpya, unabadilisha matokeo? Upo. Wachumi Nicholas Bloom na wenzake walifanya jaribio katika kampuni 17 za kufuma nguo karibu na Mumbai, India, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Baadhi ya viwanda vilipewa washauri wa kufundisha mambo ya kawaida sana: kuandika kila mashine inaposimama na kwa nini, kupanga vipuri stoo, kukagua kasoro za kitambaa kila siku, kugawa majukumu. Tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti ule ni sababu ya wenye viwanda kutofanya hivyo tangu zamani. Wengi waliamini tayari wanasimamia vizuri, au waliona mbinu hizo hazina faida. Tena ukubwa wa kampuni ulifuatana na idadi ya wanaume wa familia ya mwenye mali, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeaminiwa kukabidhiwa fedha na stoo. Ukitembea katika viwanda vya watu binafsi vya Morogoro au Dar es Salaam hutahitaji mkalimani kulielewa jambo hilo.

Hapa nchini, kwa msaada wa Japani, falsafa ya kaizen imefundishwa kwenye viwanda kupitia wizara ya viwanda na biashara kuanzia miaka ya 2010. Ila kabla ya hapo ilishaingia mahali ambapo wachache wangetarajia: hospitali. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia hatua tano ambazo wahudumu wengi wa afya leo wanazijua kwa ghibu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kama wodi yenye wagonjwa wengi na watumishi wachache inaweza kuzishika, karakana ya Kimamba haina kisingizio. Wasiwasi wangu uko kwenye hatua ya tano. Mabango hubandikwa, stoo hupakwa rangi, mgeni rasmi hupiga picha, na baada ya miezi sita spana zimerudi zilikokuwa. Kushikilia kunataka bosi apite mwenyewe, kila siku, na amwulize mwendesha mashine swali ambalo jibu lake linaweza kumgharimu bosi huyo fedha.

Turudi nje ya geti, kwenye mizani, mahali ninapoona pameachwa nyuma zaidi. Mkulima wa miwa halipwi kwa uzito tu, analipwa pia kwa kiwango cha utamu kinachopimwa na maabara ya kiwanda. Yaani mnunuzi ndiye anayepima. Hata kama kipimo ni sahihi kabisa, mkulima asiyekiona kikifanyika hana sababu ya kukiamini. Na kutoaminiana kuna bei inayoingia moja kwa moja kwenye hesabu za kiwanda. Mkulima anayeamini anaibiwa utamu hataona haja ya kubadili mbegu, kupalilia kwa wakati, au kukata muwa chini kabisa penye utamu zaidi, kwa sababu haoni kama jasho hilo litalipwa. Mashahidi wa wakulima ndani ya maabara, waliofundishwa kazi na kulipwa na ushirika wao, si hisani kwa mkulima. Ni uwekezaji katika malighafi. Malipo nayo yakichelewa, mkulima anakosa fedha ya palizi, na muwa wa mwaka ujao unakuja mwembamba. Katika vitabu vya mhasibu ucheleweshaji ule ulisomeka kama fedha nzuri iliyobaki benki.

Na Mabwerebwere, je? Hapa kiwanda ni mashine ya kukoboa mpunga, mashine ya kusaga, pengine kinu kidogo cha kukamua alizeti. Mwenyewe ni mmoja, fundi ni mmoja, na wateja wanakuja na magunia yao kwa bodaboda au trekta. Inaweza kuonekana kwamba maneno haya ya msimu na maabara hayamhusu. Kanuni ni zile zile. Mpunga ulioanikwa ukafika unyevu wa takriban asilimia 14 hutoa mchele mzima. Ukiletwa mbichi unapondeka, ukikaushwa kupita kiasi juani unapasuka na kutoa chenga nyingi. Mteja atailaumu mashine, wakati kosa lilifanyika kwenye turubai nyumbani kwake. Mwenye mashine aliye na kipimo cha unyevu, asiyemkobolea mtu mpunga usiofaa bila kumweleza kwanza, tayari anasimamia nje ya geti lake. Rola za mpira zikikwisha zinavunja mchele kimya kimya, na bila daftari linaloonyesha gunia ngapi zimepita tangu zibadilishwe, fundi anakisia. Vijana wanaosomea ufundi katika chuo cha VETA Mikumi wanaweza kufunga na kufungua mashine hizi. Wanachohitaji kuongezewa ni mazoea ya kuandika: tarehe, saa ya kusimama, sababu, kipuri kilichotumika, gunia zilizoingia na kilo zilizotoka. Kituo cha utafiti cha TARI Ilonga, kilicho ndani ya wilaya hii na chenye dhamana ya utafiti wa alizeti, kina mbegu na ujuzi wa kumsaidia mkamuaji mdogo apate alizeti yenye mafuta mengi, endapo atakwenda kuwaona kabla ya msimu wa kupanda badala ya kungoja mavuno yaje jinsi yalivyo.

Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inapita Kilosa na ina kituo hapo. Mchele, mafuta na nyuzi za wilaya hii zitapata soko pana, na bidhaa za wengine nazo zitaifikia Kilosa kwa urahisi ule ule. Ushindani huo utaanza kwa mambo madogo: ni mashine ya nani inayotoa mchele usio na mawe wiki hadi wiki, ni nani anayejua gharama yake ya kukoboa gunia moja ili asiuze kwa hasara bila kujua. Mwenye mashine anaweza kuanza msimu huu, kwa daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye swichi, na kwa kumkabidhi fundi mamlaka ya kuizima mashine inapotoa chenga, hata kama foleni ni ndefu na mwenyewe hayupo.